Mishahara ya NBA mnaandika, wachezaji wa kwanza na marefa wao mbona mnawaruka?

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu, ukiona imezidi kata tu ila usikate sehemu ya marefa maana hiyo ndo iliyonifanya nishike simu nianze kuandika. Wiki iliyopita kwenye michezo mlitoa ile makala ya mishahara ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, nani anavuta dola milioni ngapi kwa mwaka, na hapa kijiweni kwetu Tabata gazeti lilizunguka mpaka likachanika, watu wanabishana kama ni halali mtu kulipwa hela yote ile kwa kurusha mpira kwenye ringi. Makala nzuri, sikatai. Ila mlivyoiandika mtu anaweza kudhani hii kazi ilizaliwa ikiwa imeshiba. Mi ninachosema ni hivi, wachezaji wazuri wa kikapu walikuwepo toka zamani na bado haikuwa kazi ya kumtunza mtu, imekuja kuwa kazi pale refa alipoacha kuwa mtu wa timu ya nyumbani, na hiyo stori sijaona gazeti la Kiswahili limeiandika.

Tuanze mwanzo kabisa. Desemba 1891, Springfield, Massachusetts, mwalimu wa mazoezi James Naismith kapewa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi, akatundika vikapu viwili vya matunda, akachukua mpira wa miguu, akaandika sheria 13. Kumi na tatu tu, na humo humo mbili nzima zinaongelea waamuzi, mmoja kazi yake kuangalia watu, nani kasukuma nani kashika, mwingine kuangalia mpira, umetoka haujatoka, ni wa nani, na saa anashika yeye. Yaani kudunda mpira kwenyewe kulikuwa bado hakujaanza lakini refa alishakuwepo kwenye karatasi. Mechi yenyewe iliisha 1-0, sasa hivi watu wangedai hela yao.

Miaka mitano mbele hela ikaingia. Trenton, New Jersey, 1896, vijana wamekodi ukumbi wa Masonic, wameuza tiketi, ukumbi umelipwa na hela imebaki, wakagawana. Inasimuliwa kila mmoja alipata dola 15 na kepteni wao Fred Cooper akachukua 16, hiyo dola moja ya juu nadhani ndo posho ya kwanza ya ukepteni kwenye kikapu duniani. Na hawa hawa wa Trenton ndo walikuwa wanacheza kwenye uwanja uliozungushiwa wavu wa waya pande zote, mpira hautoki nje, kwa hiyo mchezo hausimami, na mtu pia hatoki. Ukibamizwa kwenye ule waya unatoka na michirizi mgongoni. Baadaye timu nyingine wakaweka nyavu za kamba badala ya waya lakini fujo ilikuwa ile ile. Kwenye miji ya makaa ya mawe huko Pennsylvania wazee waliocheza enzi hizo walisimulia kwamba wachimbaji walikuwa wanakuja ukumbini na taa zao za mgodini, wanapasha misumari kwenye moto wa taa, alafu mchezaji mgeni akisimama kupiga mtupo huru anarushiwa msumari wa moto, na refa akikata faulo wasiyoipenda naye anapata wa kwake. Akina mama wanatoa pini za kofia wanachoma miguu ya wachezaji kupitia kwenye matundu ya wavu. Sasa jiweke wewe ni refa humo ndani, mlango umefungwa, na hela yako ya usiku huo iko mfukoni kwa mwenyeji. Filimbi utampulizia nani?

Ligi zenyewe zilikuwa zinakufa kama nzi. Ile ya kwanza iliyojiita ya taifa ilianza 1898, ikafika 1904 imekwisha. Katikati hapo, 1902, kule Lowell, Massachusetts, kijana mweusi Harry Lew, wakimwita Bucky, akaanza kucheza kwa kulipwa kwenye ligi ya New England, wa kwanza kabisa anayejulikana, na nina uhakika hata wale wanaojiita mabingwa wa kikapu hapa Dar ukiwatajia hilo jina watakuuliza ni wa timu gani msimu huu.

Mchezaji wa miaka hiyo alikuwa deiwaka. Joe Lapchick wa Yonkers, New York, jitu la futi 6 na inchi 5, kipindi hicho huo ulikuwa urefu wa kutisha, alikuwa anachezea timu kadhaa kwa msimu mmoja, kwenye ligi tofauti, leo yuko huku kesho yuko kule, na alishajifunza kwamba mabosi wawili wakimtaka usiku mmoja bei inapanda, basi anawagonganisha. Usidhani ni ujanja wa kihuni, hakukuwa na mkataba, hakukuwa na mshahara wa mwezi, ukiumia goti ndo mwisho wako. Waliokuja kubadilisha hilo kwa kiasi kikubwa ni timu ya Original Celtics ya New York, hawa siyo Boston Celtics mnaowajua, hawa ni wa miaka ya 1920, wakawafunga wachezaji wao kwa mkataba wa kuchezea timu moja tu. Hapo ndo alikuwepo Lapchick, Dutch Dehnert, na Nat Holman ambaye huku anacheza kwa kulipwa na huku ni kocha wa City College pale pale New York. Watu wakikaa pamoja kila siku wanazoeana, pasi zinatoka bila kuangaliana, wakawa wanapiga kila mtu, mpaka ligi ilipoona hakuna tena ushindani ikawavunja 1928 wachezaji wakagawanywa kwenye timu nyingine. Ndo malipo ya kuwa mzuri sana.

Philadelphia nako kulikuwa na timu inaitwa SPHAS, chini ya Eddie Gottlieb, wanacheza kwenye ukumbi wa hoteli ya Broadwood Jumamosi usiku, na mechi ikiisha ukumbi unageuka wa dansi. Mchezaji wao mmoja, Gil Fitch, filimbi ya mwisho ikilia anakimbia ndani, anavua jezi, anavaa suti, anarudi pale pale kuongoza bendi. Watu waliolipa tiketi ya mpira wanacheza muziki wa mtu aliyekuwa anawafungia vikapu muda si mrefu. Hiyo ndo ilikuwa biashara, mpira peke yake haukutosha kujaza ukumbi.

Harlem hivyo hivyo. Bob Douglas, mtu wa kisiwa cha Saint Kitts, mwaka 1923 alianzisha timu ya wachezaji weusi watupu na mmiliki mweusi, ikaitwa New York Renaissance kwa sababu ukumbi wao ulikuwa Renaissance Casino, sakafu ya kuchezea ndo hiyo hiyo ya dansi, imepakwa nta inateleza. Hawa Rens mimi ndo nawapenda kuliko timu yoyote ile ya zamani na sioni aibu kusema. Msimu wa 1932-33 walishinda mechi 88 mfululizo. Themanini na nane, na nyingi ziko ugenini, kwa sababu maisha yao yalikuwa barabarani, hoteli nyingi haziwapokei na migahawa mingi haiwauzii chakula, kwa hiyo wanatafuta mji mmoja wenye sehemu watu weusi wanaweza kulala, wanaufanya kituo, alafu kila siku wanatoka na basi wanaenda kucheza mbali na usiku wanarudi, wakikosa pa kulala wanalala humo humo kwenye basi. Wachezaji wenyewe walikuwa na kazi zaidi ya moja, Fats Jenkins na Bill Yancey kiangazi wanacheza besiboli kwenye ligi za weusi, Eyre Saitch alikuwa bingwa wa tenisi.

Na hapa ndo refa anaingia, Mhariri. John Isaacs, aliyechezea Rens, alishaeleza mbinu yao ya kwanza wakifika ugenini. Haikuwa ulinzi wala pasi. Ilikuwa kuhakikisha wanapata pointi kumi za haraka haraka mwanzoni kabisa, kwa sababu hizo kumi ndo ambazo marefa watawanyima huko mbele. Yaani timu inaingia uwanjani ikiwa na deni, na refa kwenye hesabu zao ni mchezaji wa sita wa wenyeji. Ukishalisoma hilo alafu ukaenda kuangalia matokeo yao unaona kila ushindi ni mkubwa kuliko ulivyoandikwa. Mwaka 1939 yakaandaliwa mashindano ya dunia ya kulipwa pale Chicago, timu zote wakaitwa, weusi kwa weupe, Rens wakawatoa Harlem Globetrotters nusu fainali, na fainali wakawapiga Oshkosh All-Stars 34-25, zawadi dola 1,000.

Lapchick wakati wa Celtics alikuwa akikutana katikati ya uwanja na Tarzan Cooper wa Rens anamkumbatia kabisa mbele ya mashabiki, kwenye kumbi ambazo kuna watu wamekuja na matusi yao tayari. Mwaka 1950 huyo huyo Lapchick, sasa kocha wa Knicks, timu ya NBA ya New York, ndo akampokea Nat Clifton, mmoja wa weusi watatu wa mwanzo NBA msimu ule, na wenzake ni Chuck Cooper wa Boston na Earl Lloyd wa Washington, Lloyd ndo aliyetangulia kugusa uwanja tarehe 31 Oktoba. Lakini Rens kama timu waliachwa. Ligi mpya ya BAA ilipoundwa 1946 haikuwataka, wakaishia kucheza ligi nyingine wakiwa Dayton, Ohio, msimu wa 1948-49, ligi mbili zilipoungana 1949 kuwa NBA wao hawakuchukuliwa, na timu ikafa hapo. Miaka 26 ya kazi. Naismith Hall of Fame, ule ukumbi wa kuwaenzi magwiji wa kikapu, waliwaingiza timu nzima 1963, ambayo ni sawa, ila ukumbusho haulipi kodi ya nyumba.

Sasa marefa wenyewe waliishije. Chukua Ernest Quigley, alikuwa mwamuzi wa besiboli ligi kubwa toka 1913 mpaka 1937, baridi ikiingia anapuliza kikapu, na mpira wa miguu wa Kimarekani anapuliza pia, amefanya hivyo karibu miaka 40. Ukitaka kula kwa filimbi ilikuwa lazima uwe na filimbi ya kila msimu. Alafu Pat Kennedy. Huyu jamaa watu walikuwa wanakuja kumwangalia yeye. Akiona faulo anapuliza, anamkimbilia mkosaji kidole mbele, uso umeiva mwekundu, anapiga kelele hapana hapana hapana mpaka jukwaa la juu wanasikia, mkosaji mwenyewe anabaki anacheka. BAA ilipoanza 1946 ndo akapewa usimamizi wa marefa. Na 1950 akaondoka, akaenda kuzunguka na Globetrotters kama refa wa maonyesho yao mpaka 1957. Fikiria kiongozi wa marefa wa ligi kuu anaona maisha ni bora kwenye timu ya vichekesho, alafu mtu aniambie ligi ilikuwa inawathamini.

Waliobaki walikuwa na kazi zao mchana. Norm Drucker alikuwa mwalimu New York. Earl Strom alikuwa na kibarua kwenye kampuni ya General Electric huku anapuliza NBA, anatoka kazini anawahi treni au ndege, anapuliza, anatukanwa, anarudi. Kumbi nyingine ukimpa mgeni faulo sahihi unatoka uwanjani na polisi. Ndo maana Strom akapata jina, alikuwa haogopi kuwakatia wenyeji, na timu ngeni zikiona jina lake kwenye ratiba zinapumua. Kuna Mendy Rudolph pia, mtoto wa refa, katokea Wilkes-Barre, Pennsylvania, huko huko kwenye makaa ya mawe na misumari, aliingia NBA 1953 na akawa refa wa kwanza kufikisha mechi 2,000, akamaliza na 2,112. Alistaafu baada ya damu kuganda mwilini akiwa katikati ya mechi ya mtoano mwaka 1975. Hata kumaliza mechi hakumaliza.

Hela ya marefa ilipanda lini? Ilipanda walipopata pa kukimbilia, kama ile ile janja ya Lapchick. Mwaka 1969 ligi pinzani ya ABA ikawachukua marefa wanne wa NBA kwa mpigo, Strom, Drucker, Joe Gushue na John Vanak, kwa mikataba ambayo NBA haijawahi kumpa refa. Kabla ya hapo mabosi walikuwa wanasema refa yeyote anapatikana. 1977 marefa wakagoma kabisa mechi za mtoano zikianza, wote isipokuwa wawili, na mmoja wa hao wawili waliofanya kazi ni Strom huyo huyo, hili linanichanganya mpaka leo maana namkubali sana.

Nirudi kwa wachezaji kidogo maana kuna wawili siwezi kuwaruka. George Mikan, mrefu futi 6 na inchi 10, miwani mikubwa usoni, 1946 alisaini na timu ya Chicago kwa dola 60,000 za miaka mitano na watu wakaona ni wazimu. Alipohamia Minneapolis Lakers alishinda mpaka wakapanua eneo la chini ya ringi kwa ajili yake, 1951, kutoka futi 6 mpaka 12. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne waliona njia pekee ya kumshinda ni kukaa na mpira bila kushambulia, mechi ikaisha 19-18, watu wanazomea wanarusha magazeti, na kutoka kwenye upuuzi kama huo ndo 1954 ikaja saa ya sekunde 24, yaani timu ikipata mpira lazima irushe kwenye ringi kabla hazijaisha. Huyo mtu aliyebadilisha uwanja wenyewe, uzeeni alikatwa mguu kwa kisukari, na miaka yake ya mwisho alikuwa anapigania pensheni ya wazee wenzake waliocheza kabla ya 1965, kwa sababu mpango wa pensheni wa NBA ulianza mwaka huo na wa nyuma wakaachwa nje au wakapewa kidogo. Alifariki 2005 na gharama za mazishi alilipa Shaquille O'Neal.

Na Maurice Stokes wa Cincinnati. Machi 1958, mechi ya mwisho ya msimu, kaanguka vibaya kichwa kikagonga sakafu, akapoteza fahamu, wakamnusisha dawa akaamka, wakamrudisha kucheza! Siku tatu baadaye kacheza tena mechi ya mtoano Detroit, kwenye ndege ya kurudi akaanza kuumwa, akapooza. Umri wake miaka 24. Timu ikakata mshahara, bima ya maana hakuna. Mchezaji mwenzake Jack Twyman, kijana tu wa umri ule ule, mweupe, wala siyo ndugu yake, akaenda mahakamani akawa mlezi wake kisheria, akapambana mpaka fidia ya ajali kazini ikatoka, akaandaa mechi za hisani kila mwaka kulipia matibabu mpaka Stokes anafariki 1970. Karibu miaka sita baada ya ile ajali, Januari 1964 pale Boston, mastaa wa mechi ya All-Star, ile inayokutanisha wachezaji bora wa ligi, walijifungia chumba cha kubadilishia wakasema hatutoki mpaka pensheni ikubaliwe, televisheni inasubiri, nje theluji inamwagika, Tommy Heinsohn ndo kiongozi wa chama chao, na rais wa ligi Walter Kennedy akaahidi pale pale mlangoni. Hayo mamilioni mliyoyaandika wiki iliyopita yamepitia kwenye mlango huo.

Kuna mtu atasema hayo ya Marekani yanatuhusu nini. Sisi tuna Hasheem Thabeet aliyechukuliwa namba mbili 2009 na Memphis kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, tuna vijana wanaoota Ligi ya Afrika, ile BAL iliyoanza Kigali 2021, na tuna marefa. Mi mwenyewe nimepuliza mabonanza ya mtaani, nimelipwa soda na nauli, na kuna bonanza moja mwandaaji alinivuta pembeni mapumziko akaniambia timu yake isipofika fainali hela ya posho itakuwa shida. Nilimuelewa vizuri sana, na sikuitwa tena mwaka uliofuata. Kwa hiyo nikisoma habari za John Isaacs na pointi zake kumi naona ni mtu wa hapa hapa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye ripoti zenu za mpira wa miguu mnaandika refa alikuwa nani na katokea mkoa gani, ila kwenye kikapu mnaweka matokeo na mfungaji bora basi. Marefa wa kikapu nao wawekwe majina, wote waliopuliza, na kama kuna mwandishi ana nafasi aende akawahoji wanalipwa na nani na wanalipwa lini.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam